Shoka la Kambi ya Tatu

Jumatatu, 1 Desemba 2025. Kashikishi, Nchelenge.

Laurentine Banza amesema leo asubuhi kwamba mchezo wake umewaua wachezaji wote kumi na wawili waliojaribu tangu Ijumaa. Hakuna aliyefika kambi ya tano. Mchezo una kambi tisa.

Tulikuwa katika chumba cha Kapembwa, nyuma ya soko, ambako watu huchaji simu na kutazama mpira. Marufuku ya uvuvi imeanza leo na itakwisha mwisho wa Februari, kwa hiyo wavuvi hawana pa kwenda. Kapembwa ameipa kompyuta ya Laurentine meza ya chuma na mabenchi mawili ya watazamaji.

Niandike mambo ya msingi mara moja. Laurentine ni Mkongomani wa miaka thelathini, mkazi wa makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Ametengeneza mchezo wa kompyuta wa mtu mmoja. Ndani yake Mwiche, binti wa mvuvi, anazunguka ziwa peke yake kuutafuta mtumbwi wa baba yake ulioibwa na watu wa matete. Anaanza na kafi tu. Adui akianguka, kitu alichokuwa nacho hubaki pale: mkuki, dawa, ngao, shoka. Mchezaji akisimama juu ya mwili na kubonyeza kitufe, kitu hicho kinaingia mfukoni. Mfuko una nafasi sita, na kisichotakiwa huwekwa chini. Mchezo unakwisha Mwiche anapouingia mtumbwi na kuusukuma majini.

Karakana moja ya michezo huko Lusaka inatoa nafasi ya mafunzo ya miezi sita. Laurentine amepita mchujo wa kwanza. Sharti la pili: watu kumi wasio ndugu zake wamalize mchezo bila kuelekezwa hata neno moja, mbele ya shahidi mwenye kazi inayojulikana, kabla ya Jumamosi tarehe 28 Februari, saa kumi na moja jioni. Aliyeshindwa anaruhusiwa kurudia. Akiipata nafasi hiyo, ataandikiwa kibali cha kukaa nje ya makazi. Amekaa humo miaka minane.

Shahidi ni mimi. Redio ninayoitangazia imeniruhusu.

"Papa Radio," aliniambia, "kazi yako ni kuangalia na kufunga kinywa."

Jumatano, 3 Desemba.

Mvua. Wachezaji wawili, vifo viwili.

Ijumaa, 5 Desemba.

Chewe wa Kabuta alicheza kwa mara ya kwanza. Ni mvuvi wa miaka arobaini hivi, ana mitumbwi miwili na uso wa mtu aliyekwisha kukataa jambo kabla hujalisema. Alikufa kambi ya nne, akarudia, akafa tena. Mlinzi wa kambi ile ana uhai tisini. Kafi la Mwiche hupunguza uhai nne kwa kila pigo.

"Awe, hapana, hii mashini inaniibia," alisema Chewe.

"Haikuibii," alijibu Kabaso kutoka benchi la nyuma. Kabaso ni mvuvi pia, na anaongea kuliko redio. "We unapiga kama mutu anafukuza nzi kwa dagaa ya chisense."

"Kuja wewe."

Kabaso akaja. Alikufa kambi ya tatu, na benchi zima likamwimbia wimbo wa mazishi. Chewe hakucheka. Alichukua baiskeli yake akaondoka bila kuaga.

Jumanne, 9 Desemba.

Laurentine amempunguzia mlinzi wa kambi ya nne uhai kutoka tisini hadi sabini. Wachezaji watano leo. Wote wamekufa palepale.

Alhamisi, 11 Desemba.

Mvua tangu alfajiri. Paneli ya jua ya Kapembwa haikuchaji. Hakuna mchezo.

Jumamosi, 13 Desemba.

Mlinzi amepunguzwa tena, sasa ana hamsini. Watu sita walicheza. Watano walikufa mikononi mwake. Wa sita alimshinda kwa bahati, akafa hatua ishirini mbele.

Kisha Dan akakaa kwenye kiti. Dan ni kijana wa Mantapala anayeandika sehemu ya hesabu za mchezo. Hahesabiwi kati ya wale kumi kwa sababu ni fundi wake. Alimwangusha mlinzi kwa mapigo manne na akamaliza kambi zote tisa kwa dakika arobaini na moja.

"Ya Laure, umeuharibu," alisema. "Sasa mutu anaweza kumaliza huku anapika bukari."

"Na hawa wanakufa juu ya nini?"

"Hawayui kucheza."

"Batu makumi mbili, Dan? Bote hawayui?"

"Bote."

Watu wawili wa benchi walisikia. Mmoja alitoka nje. Laurentine akafunga kompyuta kwa nguvu ambayo haikuhitajika.

Jumatano, 17 Desemba.

Nimeandika maoni yangu ili nije kuyapima. Nadhani Dan yuko sahihi. Wavuvi hawa wamezoea kazi ya nguvu na ya pamoja, hawana subira ya kitu kinachochezwa na mtu mmoja kwa vidole. Nadhani pia Laurentine ni mkaidi: anapunguza tarakimu moja kila wiki na haulizi mtu swali. Chewe nimemwandika kama mtu wa kununa.

Alhamisi, 25 Desemba.

Ibada ndefu. Hakuna mchezo.

Jumanne, 30 Desemba.

Waliomaliza: sifuri. Zimebaki siku sitini.

Jumanne, 6 Januari 2026.

Leo nilibadili namna ya kuangalia. Tangu mwanzo nimekuwa nikifuata mapigano, na adui akianguka mimi hushusha macho niandike saa. Leo niliacha kuandika saa. Nilichora safu mbili kwenye karatasi na kumtazama Chewe kuanzia mwanzo hadi alipokufa.

Miili iliyoanguka: kumi na minne. Vitu alivyochukua kutoka kwenye miili: sifuri.

Masanduku aliyoyakuta njiani: matatu. Aliyoyafungua: yote matatu, na akachukua kila kilichokuwemo.

Kwa hiyo anakijua kitufe. Aliposhinda adui alimzunguka kwa mbali, kama mtu anavyozunguka shimo. Nahodha wa kambi ya tatu alianguka na shoka lake, lenye pigo kumi na nne. Shoka lilikuwa linang'aa katikati ya njia. Chewe alilipita kwa upande wa matete na kwenda kumkabili mlinzi wa kambi ya nne na kafi.

Nikaangalia wengine wanne. Miili arobaini na saba. Vitu vilivyochukuliwa: viwili, vyote na mtu mmoja ambaye ni dereva wa lori kutoka Mansa.

Chewe alipomaliza nilimfuata nje. Kumwuliza baada ya mchezo si kumwelekeza. Nilihakikisha kwenye fomu ya karakana.

"Ba Chewe, lile shoka umeliona?"

"Nimeliona."

"Mbona hukulichukua?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa mbona hajavua nguo sokoni.

"Ile shoka ni ya mufu, Papa."

"Ni mchezo."

"Mi nayua ni mchezo. Sina kichaa." Aliinama akakaza mnyororo wa baiskeli. "Sikia. Huku kwa ziwa, ukikuta mutu amekufa mu maji, na wavu yake iko pale, nzuri, mupya, unaikamata? Hapana. Unaenda kwa batu yake, unasema, mutu wenu iko pale na bintu yake iko pale. Ukikamata, anakufuata. Na huyu ni mi mwenyewe namuua! Halafu namupokonya?"

"Hakuna atakayekufuata kutoka kwenye kompyuta."

"Mukwe wangu anakaa benchi ya mbele," alisema Chewe. "Anaangalia mikono yangu."

Nilikuwa nimeketi nyuma ya benchi lile wiki tano.

Jumatano, 7 Januari.

Nilimpelekea Laurentine karatasi yangu Mantapala. Mchezo wake una vitu thelathini na moja. Ishirini na sita viko kwenye miili na vitano masandukuni. Nilimwambia kwamba anapima mchezo mmoja na wavuvi wanacheza mwingine. Anayechukua hufika kambi ya nne na shoka na kumwangusha mlinzi kwa mapigo manne. Asiyechukua anahitaji mapigo kumi na matatu, na kabla ya hapo amekwisha kufa. Kumpunguzia mlinzi uhai kunamrahisishia yule ambaye hakuwa na shida.

Alisoma karatasi mara mbili.

"Donc wananiona mi ni mutu ya kupokonya bafu, batu bamekufa," alisema.

"Hawajasema hivyo."

"Wamesema." Alikuwa akichambua mchele, hakuacha. "Papa Radio, mi nilitoka Pweto na miguu. Siku ya pili viatu yangu ikakatika. Kwa njia kulikuwa mwanaume amelala, amekufa, bado na joto. Nilimuvula viatu na hii mikono. Ilikuwa kubwa, nikaweka majani ndani. Kama haikuwa ile viatu, hungeniona hapa. Na sikuwa peke yangu, bote tulifanya vile. Wao wako na mitumbwi, wako na ndugu za mufu karibu, wanaweza kwenda kuwaambia. Mi ningeenda kumwambia nani?"

Niliandika alichosema.

"Sitaitoa," alisema. "Mwiche anakamata bintu ya bafu juu mi nilikamata. Kama hawataki, wakufe."

Ijumaa, 9 Januari.

Laurentine hakuja. Dan naye hakuja. Kapembwa aliwasha mpira.

Jumatatu, 12 Januari.

Hakuja. Mvua ya mawe saa nane mchana. Paa la jirani limetoboka sehemu tatu.

Jumatano, 14 Januari.

Laurentine alikuja, akakaa kwenye ndoo karibu na mlango bila kusalimia mtu. Alisema anataka kuona kwa macho yake.

Mchezaji alikuwa Eness, mjane kutoka kisiwa cha Chisenga anayeuza samaki hapa sokoni. Marufuku imemwacha na meza tupu. Hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Alipiga vibonye kwa kidole kimoja kama anayepima kama samaki amekauka. Ilimchukua dakika ishirini kumwangusha adui wa kwanza. Benchi likapiga makofi. Eness hakusogea.

"Sasa huyu," aliuliza, "ninamufunika na nini?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha.

"Bamayo, hapana kufunika," alisema Kabaso. "Unapita tu."

Nilimnyamazisha, hakuna kuelekeza.

"Nipite namna gani? Mutu amelala uso juu." Eness alijaribu kila kitufe. Mwiche aliruka, akachuchumaa, akapunga kafi. "Kitufe ya kufunika iko wapi? Huyu mwenye kutengeneza, hakufundishwa?"

Mwenye kutengeneza alikuwa mita mbili nyuma yake, kwenye ndoo. Eness alimwacha adui wa pili amfikie, kwa sababu alikuwa bado anatafuta kitufe. Mwiche alianguka juu ya yule mtu wa kwanza.

"Basi," alisema Eness, akainuka. "Wamelala bawili."

Laurentine alinisindikiza hadi barabarani. Aliuliza kama namfahamu mtu mwenye jenereta.

Jumatatu, 19 Januari.

Dan anasema Laurentine ameandika siku nne mfululizo na amemfokea mara tatu.

Jumamosi, 24 Januari.

Mchezo mpya umefika. Nimeeleza hapa kama nilivyoonyeshwa na Dan kwenye daftari lake.

Mchezaji akisimama juu ya mwili sasa kuna vitufe viwili. Cha kwanza ni kuchukua, kama zamani. Cha pili ni kufunika: Mwiche anakata matete na kumfunika mtu, sekunde nne, na katika sekunde hizo hawezi kujikinga. Kitu kinabaki na mwenyewe. Kambi mbili mbele kuna nyumba ya ndugu wa marehemu. Ukiwa umemfunika mtu wao, wanafungua mlango na kukupa kitu cha ukoo. Ndugu za nahodha wa kambi ya tatu wanatoa shoka la babu yao, lenye pigo kumi na sita badala ya kumi na nne. Ukiwa umechukua, mlango haufunguki.

"Anayechukua anapata mapema," alisema Dan. "Anayefunika anapata kizuri zaidi, lakini anachelewa. Kambi ya nne lazima aipite na mukuki mudogo ya kupewa kambi ya tatu. Ni ngumu. Nilimwambia aondoe kabisa ile ya kuchukua, batu hapa hawaitaki. Alinifukuza."

Laurentine alikuwa anasikia. "Mutu anayekimbia hana wakati ya kungoja ndugu za mufu," alisema. "Itabaki."

Amemrudishia mlinzi wa kambi ya nne uhai wake wa sabini.

Jumanne, 27 Januari.

Chewe alijaribu kumfunika mtu wakati mwenzake angali hai. Alichomwa mkuki mgongoni mara tatu akiwa amepiga magoti na matete mikononi.

"Mwebantu!" Kabaso alipiga paja. "Mazishi na vita saa moja! Ngoja wamalize kwanza, ba Chewe!"

"Amelala wazi," alisema Chewe, bila kugeuka.

Alikufa. Mkwe wake, mzee mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto, alitikisa kichwa kwa namna ambayo sasa najua ni ya kukubali.

Ijumaa, 30 Januari.

Dereva wa lori wa Mansa alimaliza. Alichukua kila kitu kwenye kila mwili na hakuangalia nyuma. Dakika hamsini na nane. Nimesaini namba moja.

Jumanne, 3 Februari.

Namba mbili na namba tatu, wavuvi wote wawili, kwa kufunika. Saa mbili na dakika kumi. Saa mbili na dakika thelathini na tano. Wamejifunza kumvuta adui mbali na mwenzake, kumwangusha, kumfunika, kisha kurudi kwa wa pili. Hakuna aliyewaambia. Waliona kwa Chewe alivyokufa.

Ijumaa, 6 Februari.

Mvua. Hakuna.

Jumanne, 10 Februari.

Namba nne, tano, sita. Benchi la tatu limeongezwa.

Nimerudia kusoma nilichoandika tarehe 17 Desemba. Kuhusu subira nilikosea. Mtu aliyetumia saa mbili kuwafunika maadui ishirini na sita hakosi subira. Kuhusu ukaidi wa Laurentine sikukosea, ila sikujua anakaidi nini.

Jumamosi, 14 Februari.

Namba saba.

Jumatano, 18 Februari.

Namba nane: Eness. Siku nne za kucheza, kila siku saa mbili, kidole kimoja. Alipofika kwa mkubwa wa watu wa matete alikuwa na vitu sita mfukoni, vyote vya kupewa. Alimshinda, akamfunika, akaingia mtumbwini. Kisha akamwita Laurentine.

"We mutoto, sasa umefundishwa," alisema.

"Ndiyo, bamayo."

Alhamisi, 19 Februari.

Namba tisa.

Jumanne, 24 Februari.

Siku mbaya. Kabaso alikuwa mbele ya mkubwa wa watu wa matete na uhai kumi na mbili. Mtu aliyekuwa dirishani akapiga kelele: "Mguu! Mupige mguu!" Kabaso akapiga mguu, mkubwa akaanguka, mtumbwi ukaenda. Chumba kizima kilisimama, watu wakidhani ni namba kumi.

Sikusaini.

"Papa Radio," Kabaso alisema, "ata Petro alisamehewa, na yeye alikana mara tatu."

"Petro hakuwa na fomu."

"Mi ningepiga mguu ata bila kuambiwa!"

"Inawezekana. Lakini uliambiwa."

Mtu wa dirishani alikuwa amekwisha kuondoka. Walimgeukia Laurentine, wakitumaini atanibembeleza. Alikuwa ameshika mlango. Alichukua kalamu yangu, akaweka mstari kwenye nafasi ya kumi mwenyewe, na kunirudishia.

"Hakuna kusaini," alisema. "Kesho."

Kabaso hakurudi kucheza. Anasema hawezi kuua watu walewale mara mbili.

Jumatano, 25 Februari.

Mawingu. Chaji ilitosha dakika ishirini. Watu wamepungua, wanashona nyavu. Marufuku inakwisha Jumamosi na kila mtu anataka kuwa majini Jumapili.

Alhamisi, 26 Februari.

Mawingu. Wachezaji wawili, mmoja kafa kambi ya sita, mmoja kaitwa na mkewe.

Ijumaa, 27 Februari.

Mvua siku nzima. Hakuna chaji. Kapembwa ameahidi kutochaji simu yoyote kesho hadi kompyuta ishibe.

Jumamosi, 28 Februari.

Saa saba mchana kompyuta ilikuwa na asilimia sabini na moja, na paneli haikuwa ikiongeza kitu. Saa saba na nusu Chewe aliingia. Baiskeli yake ilikuwa nje na nyavu mbili zimefungwa nyuma. Alikuwa njiani kurudi Kabuta. Mkwe wake alikaa mahali pake pa siku zote. Laurentine alitoka akasimama chini ya ukingo wa paa, mgongo kwa dirisha. Alisema akiangalia atasema neno.

Nimehesabu: tangu mchezo mpya ufike, Chewe amekufa kambi ya nne mara kumi na moja. Kila mara alifunika wote na kufika kwa mlinzi na mkuki mdogo wenye pigo saba.

Leo alifunika wote wa kambi ya kwanza na ya pili. Kambi ya tatu, saa nane na dakika tatu, nahodha alianguka na shoka lake likabaki njiani. Chewe alisimama juu ya mwili. Hakubonyeza chochote. Aliangalia asilimia kwenye kona ya kioo: hamsini na nane. Akaangalia mlangoni, ambako ulionekana mkono mmoja wa Laurentine umeshika nguzo.

Akalichukua shoka.

Mzee mwenye kofia ya sufu alivua kofia akaiweka gotini.

Mlinzi wa kambi ya nne alianguka kwa mapigo matano. Kambi ya tano, nyumba ya ndugu za nahodha haikufunguka. Chewe alisimama mbele ya ule mlango kwa muda uliotosha mimi kuandika sentensi hii, kisha akaendelea. Kambi ya sita. Kati ya sita na ya saba kuna kivuko chenye mamba, ambao hurudi kila mara hata ukiwaua. Aliwapita. Saa tisa na dakika sita mkubwa wa watu wa matete alianguka, akamfunika. Asilimia ishirini na tisa. Mtumbwi ulikuwa pale, hatua kumi.

Chewe akageuza Mwiche, akaanza kurudi nyuma.

Kapembwa alifungua kinywa. Nilimwonyesha kalamu, akakifunga. Dan alikaa chini sakafuni. Sote tulielewa anakokwenda, na kila mmoja aliweza kuhesabu: dakika kumi kwenda, kumi kurudi, na betri ile ikishuka chini ya thelathini inakula asilimia moja kwa dakika moja hivi. Fomu haisemi mchezaji aende njia gani. Inasema tu amalize.

Alivuka mamba. Alipita kambi za miili iliyofunikwa, moja baada ya nyingine. Saa tisa na dakika kumi na saba alifika kambi ya tatu. Alifungua mfuko, akaliweka shoka kando ya nahodha, akakata matete, akamfunika. Sekunde nne. Kisha akarudi tena njia ileile na kafi, kwa kuwa zawadi nyingine za ndugu zilikuwa dawa tu, na mkuki mdogo aliuacha kambi ya nane kupisha nafasi mfukoni.

Asilimia kumi na tano alipofika kivukoni. Mamba watatu, kila mmoja uhai thelathini, na pigo la Mwiche sasa ni nne. Alikuwa na dawa moja. Mamba wa kwanza alimchukua mapigo manane. Wa pili akamuuma mara mbili. Chewe akanywa dawa. Hakumngoja wa tatu: alimruhusu amuume mara moja na akatumia msukumo ule kufika ukingoni. Uhai saba.

Kambi ya saba. Ya nane. Ya tisa. Aliingia mtumbwini na kuusukuma saa tisa na dakika thelathini na mbili, kompyuta ikiwa na asilimia nne.

Niliandika saa, jina na dakika. Nikasaini namba kumi.

"Kwa ziwa," Chewe alisema, akinielekea mimi ingawa sikumwuliza, "kama mutumbwi yako imepasuka na unakuta kafi ya mufu, unaweza kuikamata ufike ng'ambo. Lakini ukifika, unairudisha. Mama Laure hakuweka kitufe ya kurudisha. Ile kuweka chini tu."

Mkwe wake alivaa kofia.

Laurentine aliingia. Hakuuliza matokeo, alisoma kwenye fomu. Kisha akamwuliza Chewe, kama fundi anavyouliza:

"Ndugu zake, ukirudisha, wafungue mulango?"

Chewe alifikiri. "Wafungue. Lakini wasikupe kitu."

"Bon," alisema Laurentine, na akaandika kwenye kiganja chake.

Picha ya fomu ilitumwa kwa simu ya Kapembwa saa kumi na dakika ishirini. Chewe alikuwa amekwisha kuondoka.

Jumatatu, 2 Machi.

Laurentine amesema leo kwamba karakana imekiri kupokea majina kumi. Imeuliza swali moja tu: kwa nini mchezaji wa mwisho alirudi nyuma kambi sita akiwa amekwisha kushinda. Wanataka Laurentine mwenyewe ajibu swali hilo kwa mdomo, na Chewe akiwepo. Watapiga simu Jumatatu tarehe 16 Machi, saa nne asubuhi, ndipo waamue kuhusu nafasi. Kesho alfajiri Dan anaenda Kabuta kumtafuta Chewe ufukweni kabla hajaingia majini.